Nyuzi Zilizovaa Koti

Mwezi uliopita Mwalimu alitupigia simu sote wa bendi, mmoja baada ya mwingine, akatuambia twende kwake Kanyangi tumshukuru Mungu kwa sababu ya tangi. Hakueleza ni tangi gani. Mimi nilikuwa nikifua nguo, na alipokata simu nilikausha mikono, nikainama chini ya kitanda, nikavuta mkebe. Ni mkebe wa majani ya chai, umeshika kutu pembeni, na ndani yake mna nyuzi nne za gitaa la besi ambazo sijazipiga kwa miaka sita. Nilizishika, nikakumbuka zilivyoanikwa siku moja kwenye kamba ya nguo katikati ya soksi za Mwalimu, nikacheka peke yangu hadi jirani akagonga mlango kuuliza kuna nini.

Sitaanza na nilikozaliwa na walionilea. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na miaka ishirini, nilikuwa nimehamia Makindu kuishi na Anti Ndunge, na nilikuwa mtu wa kuogopa kukosea. Ujumbe wa simu wa kusema nimefika salama niliuandika mara tatu kabla ya kuutuma. Besi nilijifundisha mwenyewe, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, nikirudia kipande kimoja kifupi asubuhi nzima, hata Anti akawa anakiimba huko jikoni na kukosea palepale nilipokosea mimi. Chumba changu kilipakana na jiko lake, na kilichotutenganisha kilikuwa bati moja tu. Nilisikia kila kitu: kifuniko cha sufuria ya muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, kikirukaruka, redio, na Anti akizungumza na kuku kwa Kikamba kana kwamba ni wanakamati waliochelewa mkutano. Leo ninaishi kwenye nyumba ya mawe ambayo hainiletei sauti ya mtu yeyote, na bado sijaizoea.

Mume wa Anti alikuwa Kimanthi, fundi wa redio, ila wote tulimwita Mwalimu ingawa hajawahi kufundisha darasa hata moja. Yeye ndiye aliyekuwa na bendi. Jumamosi tulipiga kwenye harusi, Jumapili tukapiga kanisani, nyimbo zilezile kwa mwendo uleule, tofauti ikiwa tu ni nani anayekatazwa kucheza. Mwalimu alipiga gitaa dogo, Kasyoka alipiga ngoma, na besi ilikuwa ya jamaa mmoja aitwaye Kioko, hadi Kioko alipopata kazi mbali na akaacha gitaa limeegemea ukuta. Mwalimu alinisikia nikilipiga siku nilipodhani hakuna mtu nyumbani. Alisimama mlangoni akiwa na chuma cha kulehemu mkononi, akasema, "Haya. Kalamba kuna harusi baada ya mavuno. Utapiga wewe." Kisha akarudi kwenye redio zake. Hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu kikubwa namna ile kwa maneno machache hivyo.

Tatizo lilikuwa mikono yangu. Mikono yangu inatoa jasho. Si jasho la kazi wala la jua, ni jasho la kuwazia tu kwamba mtu anaweza kunitazama. Kikombe hunitelezea, karatasi ya mtihani ililowana, na salamu za mkono kanisani nilizikwepa kwa kujifanya nimebeba kitu. Na jasho ni sumu ya nyuzi. Linaingia katikati ya ule waya mwembamba uliozungushwa, linabeba uchafu, linaleta kutu, na sauti inakufa. Katika muziki wetu besi haijifichi nyuma. Inatangulia na kuzungumza, na ikiwa na mafua kila mtu anajua. Nyuzi za Kioko zilikaa mwaka mzima. Zangu zilikohoa ndani ya siku nne.

Najua kwa sababu nilipima. Anti alikuwa akikaa mlangoni asubuhi akiambua mbaazi, na mimi nilikaa karibu naye nikapiga uzi mmoja mara moja tu, nikasubiri ulie hadi unyamaze, nikihesabu ni maganda mangapi ameambua. Uzi mpya ulilia maganda matano. Baada ya siku tatu yalikuwa mawili. Yote niliyaandika kwenye daftari: siku, uzi, maganda. Anti hakujua kwamba yeye ni saa yangu. Siku moja aliacha kazi ghafla kujikuna mguu, nami nikapiga kelele, "Anti, endelea!" Akanitazama sana, kisha akaendelea.

Dawa iliyojulikana kwetu ilikuwa kuchemsha. Nadhani hakuna mpiga besi wa upande wetu ambaye hajachemsha nyuzi. Unazifungua, unazikunja, unazitia kwenye maji yanayotokota pamoja na magadi kidogo, uchafu unatoka, unazianika, na kwa muda zinalia kama mpya. Kwenye bendi yetu kazi hiyo ilikuwa ya Anti. Kulikuwa na mkebe wa majani ya chai kwenye rafu ya jikoni, na sheria ilikuwa moja: uzi uliomo kwenye mkebe ni uzi unaosubiri kuchemshwa. Hakukuwa na haja ya kuomba. Nilitia zangu jioni, nikazikuta kesho yake kwenye kamba ya nguo. Nilidhani Anti anachemshia watu wote kwa kiasi kilekile. Sikuuliza. Mtu mwenye siri haulizi maswali yanayokaribia siri yake.

Mwaka huo mvua ilikuwa chache, na tangi la maji ya mvua nyuma ya nyumba liliwekewa kufuli kwenye mfereji. Maji mengine yalitoka kisimani na yalikuwa ya chumvi. Nilianza kuona kwamba chai ya nyumbani ina ladha ya ajabu, kana kwamba mtu amelia ndani yake. Hilo pia niliandika kwenye daftari, kwa sababu niliandika kila kitu: "Chai imeharibika tena. Labda ni maziwa." Nikiusoma mstari huo leo natamani kumzaba kofi yule msichana, kisha nimkumbatie.

Jioni moja, mavuno yakikaribia, niliwasikia Anti na Mwalimu jikoni.

"Mikono yake haiwezi kuendelea hivi," alisema Anti.

"Najua."

"Na sisi tutaendelea hivi mpaka lini? Huyu mtoto tutamwambia lini?"

Kijiko kikagonga kikombe. "Wacha apige Kalamba kwanza," Mwalimu akasema. "Tutamwambia baada ya harusi."

Niliketi kitandani na gitaa mapajani. Nilielewa vizuri sana, au ndivyo nilivyodhani. Wamejua, na baada ya Kalamba wataniondoa. Sikulia. Nilifanya ninachofanya siku zote nikiogopa: nilianza utafiti. Kwa siku tatu nilisoma habari za nyuzi kwenye simu hadi macho yakaniuma. Za nikeli, za chuma kitupu, nene, nyembamba, ndefu, fupi. Na hapo ndipo nilipojifunza kwamba kuna nyuzi zinazopakwa utando mwembamba kiwandani, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, ili jasho lisiingie, na kwamba watu wenye mikono kama yangu wako duniani kote na wanazitumia. Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba kuna watu wenye mikono kama yangu.

Duka lilikuwa Kitui mjini. Lilikuwa la Bi Zuhura, mama ambaye wazazi wake walitoka pwani, na aliuza vinanda, vipaza sauti, betri, na katika kabati moja la kioo, nyuzi. Nilifika kabla hajafungua vizuri. Nilimwambia nataka nyuzi za besi zinazodumu, nikatoa daftari. Alivaa miwani, akasoma ukurasa mmoja, akauliza, "Maganda matano ndiyo nini, mwanangu?" Nikamweleza. Hakucheka. Alifunga daftari taratibu, akanyoosha mkono juu ya kaunta, kiganja juu. "Hebu nipe mkono."

Sikutaka. Nilisema nimebeba mfuko.

"Weka mfuko chini. Nipe mkono, sikuoi."

Alinishika kiganja, akakigeuza kama mtu anayekagua samaki, akajipangusa kwenye buibui lake bila haya yoyote. "Maji matupu," alisema. "Marehemu mume wangu alikuwa hivi hivi. Akishika barua, wino waondoka. Sasa hizi za kawaida usinunue kwangu, nitakuwa nakuibia." Akaweka pakiti mbili kwenye kioo, zote zilizopakwa. "Hii ina utando mzito, hii mwepesi. Mzito wadumu zaidi lakini wateleza, na sauti imefunikwa kidogo. Mwepesi walia zaidi. Chagua."

Mtu mwingine angechagua. Mimi nilisimama pale kuanzia asubuhi hadi adhana ya adhuhuri. Alinifungulia mfano wa kila moja nikauvuta kwenye gitaa kuukuu la dukani, nikapiga, nikafumba macho, nikafuta mkono, nikapiga tena. Ule mzito ulikuwa laini kama sahani iliyooshwa, na sauti yake ilikuwa ya mtu mpole anayezungumza chumba cha pili. Ule mwepesi ulikuwa na meno. Nilimwuliza kama utafika kwenye vifungo vya gitaa langu, akapima. Nilimwuliza kama utachunika, akasema kila koti huchakaa. Nilimwuliza kama ana uhakika. Akaenda kuswali, akarudi, akanikuta mahali palepale.

"Bado?"

"Naogopa kukosea, Bi Zuhura."

"Kula kwanza." Akanipa wali na maharage ya nazi kwenye bakuli lake mwenyewe, tukala nyuma ya kaunta juu ya maboksi ya spika. Aliniuliza nitapiga wapi. Nikamwambia Kalamba, harusini, na kwamba baada ya hapo wananiondoa. "Basi ikiwa wakuondoa," alisema akitafuta ukoko chini ya bakuli, "si ulie kwa sauti yako? Sauti iliyofunikwa ya nini?"

Nilichukua nyepesi.

Nilirudi Makindu na pakiti tumboni chini ya sweta. Ndipo nilipofanya kosa ambalo ni mimi tu, katika nyumba ile tu, ningeweza kulifanya. Nilitaka kuzifunga siku ya mwisho ili ziingie Kalamba zikiwa bado na maisha yao yote. Sikutaka mtu azione, kwa sababu ningelazimika kueleza kwa nini nazihitaji. Chumbani Anti alifagia kila asubuhi, hata chini ya godoro. Kwa hivyo nilizitoa kwenye pakiti, nikaichoma pakiti, na kuzificha mahali ambapo uzi hauwezi kushangaza mtu. Nilizitia kwenye mkebe.

Ijumaa, kesho yake ikiwa harusi, nilitumwa sokoni. Niliporudi niliziona tangu langoni. Zilikuwa zimebanwa kwa vibanio vya nguo kati ya soksi za Mwalimu, na kutoka kwa kila uzi vilining'inia vijinyuzi vyeupe vikipepea, kama ngozi ya maziwa iliyoshikwa na upepo. Anti alisimama chini yake na steelwool ya kusugulia sufuria mkononi, anatoa jasho, ameridhika.

"Mbithe! Hizi zilikuwa na uchafu mbaya," alisema. "Sijawahi kuona. Ati zimeshikwa na mafuta kama plastiki. Nimechemsha mara mbili, nikaongeza magadi, zikakataa. Nikasema leo ni mimi na nyinyi. Nimesugua mpaka bega likaniuma. Ona sasa zinavyong'aa!"

Mfuko wa nyanya ulinitoka mkononi. Kasyoka, aliyekuwa akikaza ngoma zake kivulini, alikimbiza nyanya moja hadi kwenye banda la kuku, na aliporudi nilikuwa nimekaa chini vumbini ninasema kila kitu mfululizo: jasho, daftari, Kitui, Bi Zuhura, utando, kwamba zimepakwa koti ili zisilowe.

"Koti?" akauliza Kasyoka. "Nyuzi zinavaa koti? Kwa hili jua la Makindu?"

"Nyamaza wewe," Anti akamwambia, lakini uso wake ulikuwa umebadilika. Aliitazama steelwool. "Nimelivua koti la mtoto," alisema polepole, na sijui nani alianza, nadhani ni Mwalimu kule mlangoni, lakini kicheko kilitoka kama maji ya mfereji uliokuwa umeziba. Hata mimi. Nilicheka nikilia na kamasi zikinitoka. Kisha nikasema lile lililobaki, kwamba najua wananiondoa baada ya Kalamba, niliwasikia.

Walitazamana.

"Kukuondoa wapi?" Mwalimu akauliza.

"Kwa bendi. Anti alisema mikono yangu haiwezi kuendelea hivi. Mkasema mtaniambia."

"Tukuambie uende Kibwezi uone daktari wa ngozi!" Anti akapaza sauti. "Mtoto wa watu anafuta mikono kwa godoro usiku na mchana akidhani hatuoni! Nilisema twende naye, huyu mzee akasema ukimwambia sasa ataona aibu, hatapiga vizuri. Mimi nimechoka, Mbithe. Kioko nilimchemshia mara moja kwa mwaka. Wewe ni mara mbili kwa wiki! Na nyuzi hazichemshwi kwa maji ya chumvi, zinashika kutu. Ni kwa yale ya tangi. Unafikiri kwa nini tunakunywa chai kama ya baharini?"

Hapo ndipo nilipoelewa chai. Miezi yote ile, wale watu wawili na mimi tulikunywa maji ya kisima, na maji ya mvua, yaliyofungiwa kwa kufuli, yalikuwa yakichemsha nyuzi zangu. Nimeshawahi kupewa zawadi zilizofungwa vizuri zaidi. Sijawahi kupewa kubwa kuliko hiyo, na niliipokea kwa kulalamika kwenye daftari.

Kesho yake tulipiga Kalamba. Za zamani zilikuwa zimekufa kabisa na hakukuwa na nyingine, kwa hivyo nilifunga hizo hizo, nusu zimevaa na nusu ziko uchi. Sauti yake ilikuwa ya ajabu, kali kabisa, na utando ulizidi kuchunika kila nilipogusa. Kufikia wimbo wa tatu manyoya meupe yalikuwa yakiruka kutoka vidoleni mwangu, na mjomba wa bwana harusi, mwenye sahani ya pilau mkononi, akapiga kelele kutoka hemani, "Mbaitu, jamaa zangu! Huyu msichana anapiga gitaa ama anachambua pamba?" Watu wakaangua kicheko. Miezi michache kabla kicheko hicho kingenizika. Jasho lilikuja, bila shaka. Liliteremka hadi kwenye kiwiko. Ndipo Anti alipoinuka kwenye kiti cha mbele, mbele ya wachungaji wawili na wageni wote, akapanda jukwaani na leso yake, akanishika mikono mmoja baada ya mwingine na kuisugua kama anavyosugua sufuria, katikati ya vidole, mgongoni, kiganjani. "Haya, piga," akasema. Kitu nilichokiogopa maisha yangu yote kilikuwa kimetokea mchana kweupe, na watu walikuwa wakisubiri wimbo tu. Nyanyake bibi harusi alidhani ni sehemu ya sherehe. Wimbo uliofuata ulipoisha naye akapanda na leso yake, akanipangusa, akapiga kigelegele, akashuka akicheza. Baada yake walipanga foleni.

Nilikosea mara nyingi siku hiyo. Sikuandika ni mara ngapi.

Daktari wa Kibwezi alinipa dawa ya kupaka iliyosaidia kiasi, na akasema mengine nitazoea. Bi Zuhura, niliporudi kwake, aliniuliza zile zimedumu muda gani. Nikamwambia siku moja, zilichemshwa. Aliweka miwani juu ya kaunta, akacheka hadi akashika kabati. "Wamechemsha koti!" alirudia. Tangu hapo nimetumia nyepesi za aina ileile kila mwaka, ninafuta mikono hadharani, na mkebe, ambao niliondoka nao nilipohama, sikuugusa tena hadi Mwalimu alipopiga simu.

Nilifika Kanyangi Jumamosi. Anti na Mwalimu wamerudi kwenye shamba lao huko, na tangi lilikuwa pembeni ya nyumba, jipya, la saruji, limejaa mvua ya kwanza, limefungwa utepe mwekundu kama bibi harusi. Kasyoka alikuwa tayari amegonga ukuta wake kusikia sauti. Mchungaji aliomba, utepe ukakatwa, Mwalimu akafungua mfereji, na Anti akakinga sufuria chini yake. Tulisimama tukingojea chai. Ilikuwa siku ya joto na tulikuwa tumetoka mbali.

Nilimpa Anti mkebe. Akaufungua, akainua uzi mmoja, akautazama akiwa ameuleta karibu sana na macho.

"Hizi si zile za koti?"

"Zilishavua, Anti."

"Ehe." Alizipima mkononi, kisha akazitia kwenye sufuria, zote nne, akatafuta magadi. Mwalimu akafungua mdomo, akaangalia wageni waliokuwa na vikombe tayari, akaufunga.

"Chai ni maji ya pili," Anti akasema, na akawasha moto.